Rizista ya loki za milango: thamani yake ipime kwenye swichi ya gari lenyewe

Mafundi wenzangu wanaofunga alamu na rimoti huniuliza sana swali hili kuhusu rizista, kile kipande kidogo kinachopunguza umeme na ambacho hupimwa kwa omu: "Niweke rizista ya ngapi?" Jibu langu ni lile lile, na najua linawaudhi wenye haraka. Sijui. Na aliyefunga alamu kwenye gari la aina kama hilo lako mwezi uliopita naye hajui ya gari ulilonalo leo. Namba imo ndani ya swichi ya mlango, na kwa kawaida ukiwa na mita ya kupimia umeme unaipata kabla hata chai haijapoa.

Kwanza hakikisha kwamba rizista inahitajika kweli. Magari mengi ya Kijapani tunayoyaona barabarani hayana habari nayo: swichi ina waya wa kufunga na waya wa kufungua, ukibonyeza, mmojawapo unapata ethi (yaani unaungana na bodi ya gari, upande hasi wa betri) na milango inaitikia. Hapo unaunga waya za alamu na kazi imekwisha. Gumu ni lile gari lenye waya mmoja tu unaotoka kwenye swichi, ambao unafanya kazi zote mbili. Chrysler, Dodge na Jeep nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000 zimejengwa hivyo. Ukiona waya mmoja na milango inafunga na kufungua vilevile, kwa kawaida kuna rizista ndani.

Kinachotendeka ni hiki. Kompyuta inayosimamia milango inapeleka umeme mdogo kwenye ule waya, mara nyingi volti 5, ukipitia rizista iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. Swichi ikibonyezwa, inaunganisha waya na ethi kupitia rizista yake. Volti zinashuka, na kompyuta inasoma zimeshukia wapi. Tuseme rizista ya ndani ni omu 1000 na ya kufunga nayo ni omu 1000: waya utashuka hadi volti 2.5. Ya kufungua ikiwa omu 250, utashuka hadi volti 1. Kompyuta haijui kidole wala rimoti, inajua volti tu. Kwa hiyo ukikisia rizista, unaiambia neno isilolijua: itanyamaza, au itafungua pale ulipotaka ifunge.

Sasa kupima. Toa swichi mlangoni na uchomoe plagi yake. Hili halina mjadala: kipimo cha omu hakipimwi kwenye waya wenye umeme, maana mita itakudanganya na inaweza kuungua. Weka mita kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili kwanza uone inasoma nini. Mara nyingi ni sehemu ndogo ya omu moja, na hiyo utaitoa kwenye jibu lako. Kisha weka ncha moja kwenye pini ya ule waya, nyingine kwenye pini ya ethi, bonyeza kufunga, soma. Bonyeza kufungua, soma. Vidole visiguse chuma cha ncha zote mbili, kwa sababu mwili nao unapitisha umeme, na kwenye rizista za maelfu ya omu jambo hilo linaonekana kwenye namba.

Angalia sana namba inavyotulia. Swichi nzima inaleta, kwa mfano, 249, na inabaki hapo hata ukibonyeza mara kumi. Ikicheza, mara 249, mara 310, mara 270, chuma cha ndani kina uchafu au kutu. Kwa jiji lenye joto na chumvi ya bahari kama Dar es Salaam hilo si ajabu. Isafishe kwa dawa ya kusafishia swichi, ibonyeze mara nyingi, upime tena. Ikiwa bado inarukaruka, namba ndogo inayojirudia ndiyo iliyo karibu na ukweli, kwani uchafu huongeza omu, haupunguzi. Chunga pia taa ndogo ya swichi: ukishika pini yake badala ya ile ya waya wa amri (ule mmoja unaofanya kazi zote mbili), utaandika namba isiyohusika kabisa.

Kuna swichi ambazo hazichomoki bila kubomoa mlango. Hapo pima volti badala ya omu. Plagi ikiwa mahali pake, andika volti za waya ukiwa umetulia, ukibonyezwa kufunga, na ukibonyezwa kufungua. Kisha chukua rizista ya kuzungusha, ile inayotumika kwenye volumu ya redio, iweke kwenye upande wake wa omu nyingi zaidi, iunganishe kati ya waya na ethi, na uishushe polepole hadi volti zifike pale ulipoandika. Usishtuke milango ikijibu njiani, kwani unapita kwenye amri moja ukiiendea nyingine. Ikifika, ichomoe bila kuigusa tena na uipime omu zake. Hiyo ndiyo thamani yako.

Dukani hutapata kila namba. Rizista za kawaida za asilimia 5 (yaani zinaweza kupishana na namba yake kwa kiasi hicho) zina 220, 240, 270 na kadhalika, lakini za asilimia 1 zina hata 249. Mimi napendelea za asilimia 1. Kompyuta huwa inavumilia tofauti kidogo, ila uvumilivu huo nautunzia joto na ethi mbovu. Ukizikosa, unga mbili kwa kufuatana: 220 na 27 zinakupa 247. Na usiamini rangi za mistari inayoonyesha namba ya rizista kwenye mwanga hafifu, maana kahawia na nyekundu zinafanana sana. Pima kila rizista kabla ya kuilehemu. Ya robo wati inatosha: kwenye mfano wetu wa omu 250, unaopita ni milliampea 4 tu.

Kwenye kuunga, tumia rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme wa alamu), ya kufunga na ya kufungua. Pini ya 30 iende kwenye waya wa amri, ya 87 iende kwenye rizista, na rizista iende ethi. Waya wa alamu ukiuunga moja kwa moja, volti kidogo hubaki ndani ya alamu yenyewe, na kwa rizista ndogo hiyo inatosha kuharibu usomaji. Ethi ichukue ile ile ya swichi, usitafute boliti yoyote ya bodi. Na kamwe usipeleke volti 12 kwenye waya huo, maana kompyuta ya milango ni ghali kuliko kazi nzima uliyolipwa.

Lehemu, vika mpira wa joto (unaosinyaa ukipashwa moto), na uyafiche maungio chini ya dashibodi, si mlangoni kwenye maji na mikunjo. Jaribu injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inaunguruma na taa na kiyoyozi vimewashwa. Swichi ya zamani nayo lazima ifanye kazi kama mwanzo. Mwisho, andika namba zote mbili kwenye kipande cha tepu na ukibandike kando ya rilei, ili fundi atakayefuata azikute.