Mama Yetu Amejaza Paka Nyumbani, Tufanyeje?

SWALI: Salamu Mama Daktari. Tangu baba afariki mwaka jana, mama anaishi peke yake hapa Nakuru, Section 58. Aliokota paka mmoja mtaroni karibu na soko la Wakulima, kisha wakafuata wengine. Sasa wako watano. Kaka zangu wanalalamika kwamba pesa tunazomtumia zinaishia kwa omena, na kwamba majirani watamwita mchawi. Mimi nina mimba ya miezi minne na nimeonywa nisikanyage kwake. Paka hawa wana faida gani kwa binadamu? Tuwaondoe?
— Binti, Nakuru

JIBU: Binti yangu, poleni kwa msiba, na hongera kwa mimba. Msiwaondoe.

Nianze na wewe, maana hofu yako ina msingi. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma ambacho paka huweza kukitoa kwenye kinyesi, na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kinyesi hicho huchukua kati ya siku 1 na 5 kabla hakijaweza kuambukiza. Kikizolewa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari inapungua sana. Wewe usiguse sanduku la mchanga wanamojisaidia paka, usilime bustani bila glavu, osha mboga vizuri, na nyama choma uile ikiwa imeiva kabisa, kwa sababu wengi hukipata kimelea hicho kupitia nyama na udongo. Mweleze muuguzi wa kliniki ya wajawazito kwamba kwa mama kuna paka. Kisha nenda ukamwone mama yako.

Sasa faida. Nimetibu mifugo huku Kisumu na Nyando hadi nikastaafu, na hapa Manyatta nina jirani mjane ambaye habari zake nimezifuatilia kwa karibu. Matanga yalipoisha na watu wakatawanyika, aliacha kupika. Alikuwa akinunua mandazi, anakula nusu, analala. Kisha akaokota paka aliyevunjika mguu pale Kibuye, akaniletea. Nilimfunga mguu, nikamwambia mama yule kwamba mnyama huyu atakula omena za kuchemshwa, asubuhi na jioni, bila chumvi. Basi ikabidi jiko liwashwe. Jiko likiwaka, chai inatiwa, na chai ikiwa tayari hakosi jirani wa kuketi naye. Watoto wa ploti wakaanza kuja kuulizia mguu umefikia wapi. Mwuza samaki akawa anamwekea vichwa, na kila akivichukua wanaongea hadi jua linazama. Mimi sikumpa mama yule dawa yoyote.

Mtu aliyezika mwenzake huwa amepoteza pia kazi ya kumtunza. Mikono iliyozoea kupakua, kufua na kuuliza "umekula?" inabaki bure. Paka aliyeokotwa, tena mgonjwa, anairudishia mikono hiyo kazi, na hamwambii mama ajikaze.

Hata mwili unaitikia. Mwaka 2019 watafiti wa Washington State University huko Marekani walichapisha utafiti wa wanafunzi 249. Waliopewa dakika 10 tu za kupapasa paka na mbwa walipimwa mate, na kotisoli, ile homoni ya msongo, ilikuwa chini kuliko kwa wenzao waliotazama tu au kusubiri. Sisemi paka anaponya huzuni. Mama bado anawahitaji nyinyi watoto wake, na akikosa usingizi au hamu ya kula kwa muda mrefu apelekwe hospitali.

Kuhusu uchawi, hapo nawasihi kaka zako kwa moyo wote. Neno hilo lisitoke tena kinywani mwao, hata kwa utani. Kule Kisii wazee wa kike wameuawa kwa sababu ya neno kama hilo. Jirani akimnong'onea mama yenu ubaya, wanawe ndio wa kwanza kusimama upande wake.

Utunzaji wenyewe una masharti. Paka wote wachanjwe kichaa cha mbwa, kwa sababu nao wanaugua na kuambukiza. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Wapewe dawa ya minyoo. Ugali mtupu hauwatoshi, kwani paka akikosa nyama au samaki anakosa kirutubisho kiitwacho taurini, na macho na moyo vinaharibika. Panadol wasipewe kamwe, inawaua. Majirani wanaotega sumu ya panya waombwe watumie mitego, kwani paka akila panya aliyekula sumu, naye huweza kufa.

Kubwa zaidi ni uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na anabeba kwa miezi miwili na siku chache. Badala ya kuhesabu omena, kaka zako wachange pesa za daktari wa mifugo, majike wafungwe uzazi na madume wahasiwe. Na mama asimpokee wa sita kabla hawa watano hawajamalizika kuchanjwa.