GB nne za kwenye boksi zisikuchanganye

SWALI: Mambo vipi kaka. Nina Dell OptiPlex 7010 ile ndogo ya kulala, i5 kizazi cha tatu, RAM 4GB, nilichukua mtumba. Nataka nicheze GTA V na eFootball bila kukwamakwama na niediti vivideo vyangu. Muuzaji mmoja ana kadi ya grafiksi (ya picha) GT 730 ya 4GB, mwingine ana GT 1030 ya 2GB na bei yake imezidi kidogo. Mi naona yenye 4GB ndo bora, au? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Poa mdogo wangu. GT 730 achana nayo hata wakikupunguzia. Ni kadi ya 2014, na nyingi za 4GB zimewekewa memori ya DDR3 ambayo ni taratibu mno, kwa hiyo hizo GB nne zinakaa tu, gemu inaanza kukatakata kabla hata hazijajaa. Halafu draiva mpya za gemu, Nvidia wanaotengeneza hizi kadi walishaacha kuitolea tangu 2021.

Kwa mashine yako kasha ndo linaamua. Hiyo ndogo ina pawa saplai ya wati 240 na haina waya wa pini sita wa kulisha kadi, so unabaki na umeme wa kwenye sloti (tundu la mazabodi unapochomeka kadi) tu, ambao mwisho wake ni wati 75. Kadi lazima iwe fupi, zile wanaita lo profaili, na iwe nyembamba ya sloti moja maana mle ndani pamebana. Fungua kasha upime na rula kabla hujatoa hela, na uulize kama kile kibati kifupi cha nyuma kipo, wauzaji wengi wa used wanakuwa wameshakipoteza na bila hicho kasha halifungi.

GT 1030 inakula kama wati 30 tu, hapo uko salama. Ila sasa zipo mbili zenye jina hilohilo na hapa ndo watu wanapigwa! Ya 2017 ina memori ya GDDR5 ambayo ni ya spidi, halafu 2018 ikaja yenye DDR4, spidi ya memori ikashuka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi kama 17, yani inabaki kama theluthi, na kwenye gemu utaiona tofauti bila hata kupima. Unataka ya GDDR5. Kama boksi halipo mwambie aichomeke uisome kwenye GPU-Z, ile programu inayoonyesha taarifa za kadi, akikataa kuwasha we ondoka.

Ukibahatika kukuta Quadro P620 iliyotolewa kwenye mashine za ofisi, mi ningechukua hiyo. Wati 40, sloti moja, nguvu imezidi 1030, tena ina enkoda ya video (sehemu ya chipu inayobana video wakati wa kuekspoti) ambayo 1030 haina kabisa, so kuekspoti kutakuwa kwepesi. Shida yake matundu yote ya monita ni mini DisplayPort, vile vidogo visivyoingia waya wa HDMI, adapta uihesabu kwenye bajeti.

Na RAM bwana, ongeza kijiti kingine cha 4GB DDR3, GTA V toleo la zamani wenyewe wanapendekeza 8GB. Ukishafunga kadi, waya wa monita uchomeke kwenye kadi, usiuache kwenye mazabodi.

SWALI: Mimi nina tawa ya kawaida. Nimeona GTX 1050 Ti ya 4GB mtandaoni bei chee ajabu, ina tundu la VGA, DVI na HDMI. Niagize? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usiagize. Kwenye kadi za familia hiyo Nvidia walishaondoa tundu la VGA, na ukiona ipo pamoja na bei ya namna hiyo basi karibu hakika ni chipu ya zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti, wamebadilisha BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili Windows isome jina jipya. Zikishafungwa zinawaka vizuri tu, ndo maana watu wanaamini, kisha gemu ikifunguka mashine inazima au skrini inajaa marangirangi. GPU-Z za siku hizi zinaiandika FAKE mbele ya jina. 1050 Ti halisi ni kadi nzuri kwa tawa yako, ila itafute kwa mtu atakayekuwashia ukiwa umesimama hapohapo.