Hofu ya Uhamisho, na Namna ya Kumpata Mshauri Anayekufaa

Nimefundisha Tanga kwa miaka 12. Niliomba uhamisho wa kwenda Dodoma nimfuate mume wangu, nao umekubaliwa, lakini tangu barua ifike silali. Je, niukatae? (Mwalimu, Tanga)

Usiukatae sasa, mwalimu, kwa kuwa nafuu utakayoipata siku hiyo ndiyo itakayoilisha hofu: kila tunapokikwepa kinachotutisha moyo hutulia kwa muda, na akili hujifunza kwamba usalama umo katika kukwepa. Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alifahamika katika miaka ya 1950 kwa tiba ya kuikabili hofu hatua kwa hatua, mgonjwa akianza na jambo linalomtisha kidogo huku mwili wake umetulizwa. Kwako, hatua ya kwanza yaweza kuwa kumpigia simu mwalimu mmoja wa shule unayokwenda, na ya pili kukaa Dodoma siku chache wakati wa likizo, utembee kutoka nyumbani hadi shuleni. Usingoje hofu iishe ndipo uanze. Huzuni ya kuiacha Tanga, nayo, si ugonjwa. Kuagana na watu wa miaka 12 kunauma, na ni haki kuume. Hata hivyo, usingizi ukikosekana kwa wiki kadhaa, au kazi ikikushinda, mwone mtaalamu.

Nitamtambuaje mshauri nasaha wa kuaminika? (Msomaji, Nakuru)

Kwa Kenya, anza na usajili, kwa sababu Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi inayowasajili. Kisha mwulize amewahi kuwasaidia watu wenye tatizo kama lako kwa njia gani, ada yake ni kiasi gani, na ni katika hali zipi anaweza kulazimika kuitoa siri yako. Mimi hupima zaidi anavyoyapokea maswali hayo: anayechukia kuulizwa, au anayeahidi kukuponya kwa kikao kimoja, usirudi kwake.

Nimekutana na mshauri wangu mara tatu na bado simzoei. Kumwacha ni utovu wa adabu?

Hapana. Maelewano kati ya mshauri na mteja huchangia sana kufaulu kwa tiba. Jiulize kwanza kama unaumia kwa sababu amegusa kidonda au kwa sababu hakusikilizi, kisha mweleze waziwazi katika kikao kijacho. Ikiwa hakuna kinachobadilika, mwombe akuelekeze kwa mwenzake.