Sarafu za Vatikani, Monaco na San Marino: Grace Kelly asubiri kwanza

Kila anayeanza kukusanya yuro za vinchi vidogo anaitaka ile ile, yuro 2 ya Monaco ya 2007 yenye sura ya Grace Kelly, yule mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala wa Monaco. Mi nakwambia iache kwanza. Zilitengenezwa 20,001 tu, moja inazidi yuro elfu moja, na penye hela hivyo feki hazikosekani, sasa we mgeni utajuaje ipi ndo yenyewe?

Mi nipo Italia kwa hiyo njia yangu ilikuwa chenji ya kahawa. Vatikani tangu 2010 wanaingiza senti 50 kwenye mzunguko, ukipitapita maduka ya jirani na Basilika la Mtakatifu Petro ukawa unaangalia chenji yako unaweza kuiokota kwa senti 50 hizo hizo, na hapo tayari una pesa ya nchi ambayo watu wake hawafiki elfu moja. Ila mtu akikuuzia hiyo hiyo mtandaoni kwa yuro 20 eti adimu, mpite tu.

Hapo ndo wengi wanapigwa, wanadhani nchi ikiwa ndogo basi kila sarafu yake adimu. Wapi! Cha kuangalia ni zilitoka ngapi mwaka ule. Monaco hao hao 2013 walitoa yuro 2 ya kukumbuka kujiunga na Umoja wa Mataifa, zikapita milioni moja, hiyo hata mwanafunzi anaimudu, halafu 2015 wakatoa ya miaka 800 ya ngome yao, 10,000 tu, ukiulizia bei kaa chini kwanza.

San Marino ukienda mwenyewe raha, ni mlimani karibu na Rimini, mji wa huku Italia, basi linakufikisha. Liechtenstein wao wanatumia faranga ya Uswisi, hawana yuro kabisa, kwa hiyo ukiona seti ya "yuro za Liechtenstein" inang'aa hivyo ujue unauziwa mapambo.

Ukishaanza kununua za bei, tafuta kamizani kama ka sonara. Yuro 2 ina gramu 8.5, na ukiweka sumaku katikati inanasa kidogo ila pete ya nje hainasi. Halafu igeuze usome ubavuni, ya Monaco inafuata mtindo wa Kifaransa, 2 na nyota mbili, za Vatikani na San Marino zinafuata Italia, 2 na nyota moja. Vipimo hivi havitoshi kukuhakikishia ni halali, ila ikifeli hata kimoja rudisha.

Na jamani msisugue sarafu! Sijui nani alianzisha mambo ya ndimu na dawa ya meno, ukishaisugua bei imeshuka hapo hapo. Iweke kwenye kapsuli ngumu ya milimita 26, vile vimifuko laini vya plastiki ya PVC vinaacha ukijani, na kama imekuja kwenye kasha lake la kiwandani usiifungue kabisa, hata mgeni akiomba kuishika.