Kiyoyozi kihudumiwe kabla ya kaskazi

Desemba ikigonga hodi, mafundi wa viyoyozi hapa Dar es Salaam hawashikiki. Unapiga simu asubuhi unaambiwa "kesho, bosi", na hiyo kesho inafika wiki ijayo huku watoto wanalala sebuleni chini ya feni. Mimi huduma ya viyoyozi vya nyumbani huifanya Agosti au Septemba, upepo wa kusi ukiwa bado unatupoza. Fundi anakuwa na nafasi, bei inazungumzika, na kama kuna kipuri cha kusubiri, hakuna anayeumia.

Jambo ninalotamani kila mwenye nyumba alijue ni hili la gesi. Tumezoeshwa kuamini kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kama ile ya mtungi wa jikoni, kwa hiyo kila mwaka iongezwe. Si kweli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inageuka kimiminika, inarudi kuwa gesi, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Anayeongeza bila kutafuta panapovuja anakuuzia gesi itakayoishia hewani.

Kiyoyozi cha chumba cha wanangu kilijazwa gesi na fundi mmoja, msimu uliofuata kikaanza tena kupoza kinyonge. Nikamwita mwingine. Huyu alikoroga sabuni ya maji kwenye kikombe, akapaka kwa brashi kwenye viungio vya mabomba ya shaba ubavuni mwa boksi la nje. Kwenye bomba nene, kimya. Kwenye lile jembamba, povu likavimba taratibu, likapasuka, likavimba tena. Akainyonya gesi iliyobaki na kuihifadhi kwenye mtungi wake, akakata ncha ya bomba, akaipanua upya na kukaza nati. Halafu akafunga pampu ya kutoa hewa na unyevu, akaiacha ifanye kazi kwa muda mrefu kabla ya kuweka gesi kwa kupima kwenye mizani. Tangu hapo hatujaongeza hata kidogo.

Angalia pia kibandiko cha boksi la nje kimeandikwa gesi gani: R22, R410A au R32. Hazichanganywi wala hazibadilishwi kiholela. R32 inaweza kushika moto, hivyo mtu asivute sigara wala kuchomelea karibu wakati inafanyiwa kazi.

Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna adui mwingine, chumvi. Inatafuna zile bati nyembamba za alumini hadi zinabomoka zikiguswa. Zima swichi kuu, kisha suuza boksi la nje kwa maji safi ya mpira wa bustani mara kwa mara. Mashine ya kuoshea magari usiikaribishe hapo, inazikunja bati na hewa inakosa pa kupita.

Chujio la ndani halihitaji fundi. Fungua mfuniko, livute, lioshe kwa maji na sabuni kidogo, lianike kivulini, lirudishe likishakauka. Wakati wa vumbi mimi hufanya hivyo kila baada ya wiki mbili, na umeme wa LUKU hauendi mbio. Ukiona maji yanachuruzika ukutani, mara nyingi bomba la kutolea maji limezibwa na ute na vumbi. Wala si lazima kifaa kiwe kimeharibika.

Umeme ukikatika na kurudi, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi kwenye boksi la nje, isiwake papo hapo. Weka kilinda umeme chenye kuchelewesha kwa dakika 3 hivi.

Na kabla hujamlipa fundi, washa kiyoyozi kwa robo saa, kisha pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, mlipe. Ikiwa nyuzi 3 au 4, mwambie afungue tena vifaa vyake.