Anti Wakili: Mheshimiwa ajue kwanza

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni msaidizi wa sheria wa jaji hapa Mbeya, nilimaliza Shule ya Sheria mwaka jana na niko kwa mkataba unaoisha mwisho wa Januari. Nimetuma sivii ofisi za mawakili kama kumi hivi, sasa wiki hii wameniita watatu kwa mpigo, wawili wa Dar na mmoja hapahapa mjini, na wote wanataka siku za kazi asubuhi. Mheshimiwa ana hukumu mbili za kuandika na wiki ijayo tuna sesheni Kyela, tunaenda kusikiliza kesi za jinai hukohuko. Huyo wa hapa mjini ana kesi kwetu, hukumu bado haijasomwa. Rafiki yangu ananiambia niage naumwa niende zangu kimyakimya. Nifanyeje?
Binti wa Forest, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera kwanza, kuitwa sehemu tatu na ajira zilivyo siku hizi si mchezo. Ila hiyo ya kuumwa achana nayo kabisa, na nakwambia hivyo kwa sababu mwenzio niliwahi kuumwa.

Enzi zangu nami namsaidia jaji nikaitwa intavyu Dar, nikaaga nina malaria, alfajiri nikapanda basi nimejitanda kanga mpaka puani. Tumefika Ruaha Mbuyuni watu wanashuka kununua vitunguu nami nikashuka, nainua macho namuona dereva wa Mheshimiwa wangu na kisado mkononi anabishana bei, kumbe alitumwa Dar na gari la ofisi ndo anarudi. Hakuuliza kitu. Alisema tu "pole na malaria dada", akanipa na vitunguu vitatu vya kupikia supu ya mgonjwa. Intavyu yenyewe niliboronga maana nilikuwa naiwaza Jumatatu. Na Jumatatu Mheshimiwa wala hakufoka, alinisogezea majalada mawili akasema "ukishapona vizuri nisomee haya", basi mpaka leo nikisikia neno malaria naanza kuona aibu kabla ya homa.

Sasa tuje kwako. Unadhani shida yako ni ratiba, mimi naona ratiba ni kitu kidogo, shida ni huyo wakili wa hapa mjini. Wewe ndo unasoma submisheni, yaani hoja zake za maandishi, na za mpinzani wake, wewe ndo unamtafutia Mheshimiwa kesi za nyuma, pengine na drafti umeshaianza, halafu Alhamisi uko ofisini kwake Uhindini unakunywa chai yake anakuuliza unataka mshahara kiasi gani? Hata msipoigusia kesi, mawakili wa Mbeya wanajuana wote, yule wa upande wa pili akikuona tu unashuka ngazi na bahasha yako ya khaki, siku akishindwa ataanza kusema, na atakayechafuka ni Mheshimiwa siyo wewe. Kanuni za maadili za majaji na mahakimu za 2020 zinataka jaji asiwe na upande na pia aonekane hana upande, na wewe ukikaa chumba kimoja na majalada yake ni sehemu ya huko kuonekana.

Kwa hiyo kesho kabla hajaingia kotini gonga mlango umwambie: Mheshimiwa, mkataba wangu unaisha Januari, nimeanza kutafuta kazi, ofisi hizi tatu zimeniita na hii moja ina shauri kwetu. Basi, usizunguke. Naye aliwahi kutafuta kazi. Jalada hilo atakutolea mezani, na likishatoka usiliulizie hata limefikia wapi. Huyo wakili naye mwambie wazi kwamba jaji anajua, na ikiwezekana mwombe intavyu isubiri hukumu isomwe. Akianza "hivi ile yetu inaendaje", nyanyuka uondoke, chai mwachie.

Wala siyo ushamba wetu wa huku. Marekani vijana wengi wanamtumikia jaji mwaka mmoja au miwili ndo wanahamia ofisi kubwa za mawakili, na kwenye mahakama zao za shirikisho utaratibu ndo huohuo, jaji anaambiwa kwanza na kesi za mwajiri mtarajiwa msaidizi hazigusi.

Ratiba sasa. Dar ni zaidi ya kilomita 800, basi linakula siku nzima na nauli ya ndege kutoka Songwe unaijua, usiende mara mbili. Waombe hao wawili siku moja, mmoja asubuhi mwingine mchana, au mmoja wapo afanye kwa Zoom jioni ukishatoka kazini, na Zoom hiyo fanyia kwako, siyo kwa meza na intaneti ya mahakama. Sesheni usiiruke, kuna watu wako mahabusu wanaihesabia siku, na wakili akiambiwa "wiki hiyo tuko sesheni" anaelewa kuliko mtu yeyote. Hizo hukumu mbili nazo zina siku zake 90 za kutolewa, msaidie Mheshimiwa azimalize kabla hujaomba ruhusa, ataitoa kwa moyo mweupe. Ukiitwa intavyu ya pili isukume kwenye likizo ya mahakama, katikati ya Desemba mpaka mwisho wa Januari, kotini kunapoa.

Halafu watakuomba mfano wa maandishi yako. Usipeleke hukumu uliyosaidia kuandika hata kama iko TanzLII, ule mtandao wa hukumu, dunia nzima inaisoma, ile ni ya aliyeisaini. Peleka kazi yako ya Shule ya Sheria.

SWALI: Anti mambo, nasoma sheria mwaka wa tatu Iringa. Wenzangu wanasema fildi ya mahakamani ni kubeba majalada tu, bora ofisi ya wakili. Kweli?
Kijana wa Gangilonga

JIBU: Mambo tangu lini, mimi ni wa kuamkiwa. Nenda mahakamani, hayo majalada ukiyabeba yafungue. Utakuta ombi zuri la kurasa thelathini limetupwa nje kwa sababu kiapo hakisemi kimeapwa wapi na lini, na wakili mwenye suti yake anatoka pale hana la kumwambia mteja aliyetoka Kilolo na nauli ya kukopa.