Pwani ya kaskazini mwa Uingereza: jua saa za maji kwanza

Ndugu na marafiki wanaohamia Manchester, Leeds na Newcastle huniuliza kila kiangazi wawapeleke watoto ufuo gani. Nami huwauliza: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Sisi tuliokulia Tanga tumezoea kupwa na kujaa tangu utotoni, lakini mazoea hayo yasikudanganye. Huku kuna fuo zilizo tambarare kiasi kwamba maji yakipwa bahari huioni kabisa, na yakirudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye mikondo, yakakuzunguka kwa nyuma wakati mchanga uliosimama bado mkavu.

Mahali pa hatari zaidi kwa hilo ni Ghuba ya Morecambe, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004 Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe walizama pale. Walikuwa vibarua, ugenini, gizani, na hakuna aliyewaambia maji yanaendaje. Nawataja kwa sababu wengi wetu huku pia ni wageni, na bosi akikuita kazini huulizi mengi. Ghuba hiyo unaweza kuivuka kwa miguu, na ni matembezi mazuri mno, ila nenda na msafara wa kiongozi anayeijua njia. Kazi hiyo ya uongozi ina mtu wake rasmi anayeteuliwa na Mfalme, kwa maana mikondo huhama na mchanga unaodidimia huhama nayo. Njia ya mwezi uliopita leo huenda isipitike.

Lindisfarne, kisiwa cha Northumberland ambacho Mtakatifu Aidan alijenga monasteri mwaka 635 na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakaishambulia mwaka 793, nacho kina sheria yake. Barabara ya kukifikia imelazwa juu ya mchanga wa bahari, na maji huifunika mara mbili kwa siku. Halmashauri hutangaza saa za kuvuka salama. Hata hivyo kila mwaka kuna magari yanayonaswa katikati, watu wakakimbilia kibanda kilichosimama juu ya nguzo kungoja waokoaji. Ukifika muda umekaribia kuisha na lami bado unaiona, geuza gari. Mimi hupenda kubaki kisiwani maji yakiwa yamejaa: wageni wengi wanakuwa wameshaondoka, na upepo ukitulia unawasikia sili, wanyama wa baharini wanaopumzika nchi kavu, wakilia kwenye mafungu ya mchanga, sauti ndefu ambayo mara ya kwanza utadhani ni watu.

Kwa wasio na gari, nenda Liverpool, upande treni ya kuelekea Southport. Shuka karibu na ufuo wa Crosby. Hapo msanii Antony Gormley amesimamisha sanamu 100 za chuma, kila moja kwa umbo la mwili wake mwenyewe, zote zikitazama baharini. Kaa ukutani juu maji yakianza kujaa uone yanavyowapanda: magotini, kiunoni, kifuani, mpaka wale wa mbali wanatoweka. Wale wa mbali zaidi wameota magamba ya viumbe wa baharini, na chuma chao kinakwaruza mkono. Usiwafuate huko, kuna tope linalomeza mguu. Ukimaliza, endelea na treni hiyohiyo hadi Freshfield, uingie msitu wa misonobari wa Formby. Humo kuna kindi wekundu, ambao sehemu kubwa ya Uingereza wametoweka baada ya kindi wa kijivu kuletwa kutoka Marekani. Nenda asubuhi, na wanyamazishe watoto kwa dakika chache. Ng'ambo ya msitu kuna matuta makubwa ya mchanga ya kupanda na kuteremka.

Ndege wana msimu wao. Miamba ya chokaa ya Bempton, Yorkshire, hujaa maelfu ya ndege wa baharini majira ya kuchipua, na kituo cha treni kiko umbali wa kutembea. Pafini, yule mfupi mwenye mdomo wa rangi rangi, mtafute Mei au Juni. Ikifika Agosti wengi wao wamerudi baharini. Visiwa vya Farne vinafikiwa kwa boti kutoka kijiji cha Seahouses, Northumberland, na ukiruhusiwa kushuka msimu wa kutaga, vaa kofia. Ndege waitwao buabua, wanaotoka hadi Antaktika kuja kuzaa hapa hukudonoa kichwa ukipita karibu na viota vyao. Wana haki. Pita taratibu, tazama unapokanyaga, usikae.

Kuhusu kuogelea nitasema machache. Hata Agosti, maji ya Bahari ya Kaskazini huwa kama nyuzi joto 14, na mwili wa aliyezoea Bahari ya Hindi hushtuka, pumzi ikakatika. Ingieni pole pole, kati ya bendera zenye nyekundu na njano, mahali waokoaji wanapolinda. Ukianguka ghafla majini, usipambane; lala chali uelee mpaka pumzi irudi. Ukimwona mtu amezidiwa au amenasa kwenye tope, usimfuate: piga 999 uombe walinzi wa pwani, na uwaeleze ulipo.